Sodo ya Mabaki: Kuijua Iliyoshonwa Vyema

Sodo ya kitambaa isihukumiwe ikiwa mpya. Siku ya kugawiwa zote hupendeza: rangi haijachuja, kingo zimenyooka, mfuko umefungwa kwa utepe. Ubora wake hujulikana miezi kadhaa baadaye, ikiwa imeshalowa na kukauka mara nyingi, imesuguliwa kwa sabuni ya kipande na kukamuliwa na msichana anayewahi shule. Kwa hiyo ukitaka kununua sodo za kutoa msaada, au kikundi chenu cha akina mama kikitaka kuanza kuzishona, ombeni kwanza kuonyeshwa moja iliyofuliwa angalau mara ishirini. Fundi anayeiamini kazi yake huwa nayo karibu. Asiyekuwa nayo hajaijaribu.

Taita Taveta ina bahati katika kazi hii. Maungu, inayofikiwa baada ya Voi ukielekea Mombasa, ni jirani na hifadhi ya Rukinga, na huko nguo za kuuzwa ng'ambo hushonwa katikati ya nyika ya ndovu. Kiwanda cha SOKO Kenya kimeshonea kampuni ya ASOS ya Uingereza, na mabaki yake yametumika kushonea sodo za wasichana wa shule chini ya mpango wa Kujuwa. Nguo inapokatwa hubaki vipande vya shingo, vya kwapa, na vya mwisho wa jora. Ni vidogo mno kwa gauni, lakini kwa sodo vinatosha kabisa. Mji wa Voi nao una mabaki ya aina nyingine, yale ya magunia ya mafundi cherehani, yenye sare za shule, vitenge, leso na bitana za suti zikiwa zimechanganyika. Ya kiwandani yana faida kwamba vipande mia vimetoka jora moja, hivyo ukikijua kimoja umevijua vyote. Gunia la fundi sharti likaguliwe kipande kwa kipande, na hapo ndipo vikundi vingi huchoka na kuanza kuharibu.

Tangu 2017 sheria ya elimu ya msingi inaitaka serikali ya Kenya impe msichana wa shule ya umma aliyebalehe sodo za bure. Hizo ni za kutupwa, na pakiti ikiisha imeisha. Ya kitambaa hukaa na mwenyewe mwaka, hata miaka. Ikiwa mbovu, atakaa na ubovu huo muda wote huo, tena kimyakimya, kwa sababu nani atainuka darasani kulalamikia zawadi ya aina hii?

Anza na uso, yaani upande unaogusa mwili. Hapa mimi nakubali pamba tu: kitambaa laini cha fulana, au flaneli. Chomoa nyuzi mbili tatu, uzishike kwa kibanio na uziwashe. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Kitambaa cha mchanganyiko, kama cha mashati mengi ya shule, huacha jivu na vijitone kwa pamoja, na hicho kisikae usoni. Kisha dondosha tone la maji. Linapaswa kuzama papo hapo. Leso mpya hufeli mtihani huu ingawa ni pamba, kwa sababu ya dawa ya kuikaza iliyotoka nayo kiwandani, basi ifuliwe na ijaribiwe tena. Kufua kabla ya kukata kuna sababu nyingine pia: pamba hurudi. Uso ukirudi zaidi kuliko sehemu ya ndani, sodo hujikunja ncha zote mbili, na hakuna pasi itakayoinyoosha. Angalia vilevile nyuzi zimeelekea wapi. Fundi anayebana matumizi hushawishika kukata kipande kwa mshazari ili kitoshe, na kipande hicho kitavutika na kupinda kila kikifuliwa. Ukiona sodo iliyofuliwa imepinda upande mmoja, usitafute sababu nyingine.

Sehemu ya ndani, inayofyonza, ndiyo inayotenganisha fundi na fundi. Hapa mabaki madogo yana nafasi yake, kwa kuwa vipande vinaweza kuungwa bila mtu kuviona. Ila viungwe vikiwa vimegusana kingo kwa kingo, kwa mshono wa zigizaga, visipandiane. Fumba macho upitishe kidole gumba polepole kutoka ncha hadi ncha, ukibonyeza. Usikute tuta. Tuta usilolihisi vizuri kwa kidole, msichana atalihisi akikaa kwenye dawati kuanzia asubuhi hadi jioni. Uso wenyewe usiwe na kiungo katikati hata kidogo. Nikikiona, sodo hiyo naiweka kando bila kuendelea kuikagua.

Watu wengi hudhani unene ni ukarimu. Tabaka nne za flaneli, au mbili za taulo nyepesi, zinatosha kwa mchana. Ukizidisha, umemtwika msichana mzigo wa kukausha. Kaunti yetu ina hali mbili za hewa. Voi na Maungu jua la kiangazi hukausha karibu kila kitu kabla ya adhuhuri, lakini Wundanyi, Werugha na Mgange, mwezi wa sita na wa saba, ukungu hukaa juu ya kamba siku nzima. Sodo nene iliyoanikwa huko hulala mbichi, na ikilala mbichi hutoka na harufu. Jaribio langu ni hili: ifue, ikamue kwa mkono, uianike ndani ya nyumba, mbali na jiko, jioni. Ikiwa kesho yake jioni katikati bado pana ubaridi ukiigusisha shavuni, ni nene mno kwa watu wa mlimani. Zilizo bora kabisa hazina tumbo lililoshonwa likafungwa. Zina mfuko ulio wazi upande mmoja, na kitambaa cha kufyonza hutolewa, kikakunjuliwa na kuanikwa peke yake.

Huko bondeni tatizo ni maji. Katika vijiji vya kuelekea Kasigau, mtungi wa lita 20 hununuliwa au hufuatwa mbali. Kwa hiyo pima pia ni mabeseni mangapi yanahitajika hadi maji yatoke safi. Mimi sikubali zaidi ya mawili, baada ya kuloweka kwenye maji baridi. Maji ya moto hushikisha doa, na maelezo ndani ya kifurushi yaseme hivyo, kwa Kiswahili.

Chini ya sehemu ya kufyonza kuwe na kitambaa kisichopitisha maji. Kile cha poliesta chenye utando laini wa plastiki ndicho kinachofaa, na cha koti la mvua huweza kusaidia. Karatasi ya nailoni ni aibu: hupasuka, huchoma mwili kwa joto, na zaidi ya yote hupiga kelele msichana akitembea. Ikunjekunje sodo karibu na sikio. Ikisikika, irudishe. Halafu geuza utazame mishono. Mshono wowote uliopita katikati hadi upande wa chini umefungua njia ya maji, na tundu la pini halizibiki, ndiyo maana mafundi waangalifu hushikiza kwa vibanio. Mimina kijiko kikubwa cha maji, ngoja dakika moja, kisha ikalie juu ya karatasi kavu. Karatasi ibaki kavu.

Kuhusu ushonaji wenyewe, pendelea ukingo uliogeuzwa ndani na kupigwa mshono mmoja juu yake, karibu sana na ukingo. Ovaloki ni ya haraka na inadumu, lakini uzi wake hukwaruza mapaja ya mtu anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule. Kama ni ovaloki, uzi uwe laini na mshono usikaze. Mwanzo na mwisho wa mshono pawe pamerudiwa. Vuta mabawa mawili ya pembeni, yale yanayofungwa chini ya chupi, kwa nguvu, pande tofauti. Uzi ukilia, basi. Vifungo vya kubofya viwe vya plastiki, kwani vya chuma hushika kutu, na viwe na nafasi mbili za kukazia. Velkro hunasa nyuzi na kuchoka mapema.

Katika suala la rangi natofautiana na wengi. Nyeusi husifiwa kwa kuficha doa, lakini mwenye nayo hajui kama imetakata. Napendelea uso wa rangi ya wastani, na upande wa chini wenye maua ya kitenge au leso. Sababu yake iko kwenye kamba. Wasichana wengi huanika sodo chini ya nguo nyingine, au chini ya godoro, kwa kuona haya, nazo hazipati jua wala hewa. Sodo iliyofunguliwa mabawa, yenye maua juu, huonekana kitambaa cha kawaida miongoni mwa vingine, nayo huanikwa peupe. Hapa ndipo gunia la fundi wa Voi linapoyashinda mabaki ya kiwandani.

Mwisho tazama kifurushi. Sodo tatu ni chache: moja imevaliwa, moja iko mkobani, moja bado mbichi kwenye kamba. Kwa Voi naomba tano, kwa Wundanyi saba. Kuwe na kimfuko kisichopitisha maji cha kuwekea iliyotumika hadi nyumbani. Na kuwe na chupi, maana mabawa hayana pa kushika bila hiyo. Kabla ya kuzinunua muulizeni mwalimu wa kike saizi za watoto wake, kwa sababu wa Gredi ya 7 na wa kidato cha nne hawavai sawa, na kila mmoja apewe chupi zisizopungua mbili.