Robo ya Pigo

Anayetetea muziki shuleni mara nyingi husema unawapa watoto akili ya hesabu. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya elimu, na hoja hiyo siipendi. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo, si watoto. Walisikiliza Mozart dakika 10, wakafanya vizuri zaidi jaribio la kufikiria maumbo, na faida yenyewe haikupita robo saa. Hesabu za shule hazikuwemo, wala hakuna aliyeimba.

Uhusiano ninaoujua umo kwenye karatasi za kwaya. Huku Uru, kama katika parokia nyingi za Tanzania, tunasoma nyimbo kwa solfa, maandishi yaliyoenezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja hukata pigo nusu. Mkato hukata nusu hiyo, ikabaki robo. Palipoandikwa “d .,r”, do inakaa robo tatu za pigo na re inapata robo iliyobaki. Nimeimba sauti ya tatu nyuma ya watoto wa darasa la tano, na robo hiyo wanaitoa bila kuhesabu vidole. Wakichelewa, wenzao wanawapita, wanajirekebisha.

Jumatatu watoto hao hao wanaandikiwa ½ + ¼ ubaoni. Wanaambiwa wasawazishe asili, na wengine wanarudi nyumbani wakiamini hawana kichwa cha hesabu. Hilo ndilo linaloniuma: mtoto anakatishwa tamaa na jambo analolifanya kila Jumapili.

Sisemi solfa inatosha. Sehemu ya saba hutaikuta humo, na mtu anaweza kuimba robo tatu hadi uzeeni asijue kuwa ni asilimia 75. Mwalimu ndiye wa kuunganisha. Achukue mstari wa wimbo wanaoujua, aulize kila pigo limejazwa na sehemu zipi. Kisha upande mmoja wa darasa upige makofi mawili, mwingine matatu, kwa muda ule ule. Muda huo ukigawanywa mara 6, kila kofi linapata mahali pake. Hiyo ni KDS ya 2 na 3, imesikika kabla ya kuandikwa.

Muziki unastahili kufundishwa kwa ajili yake wenyewe. Ila mwalimu wa hisabati akitafuta mfano wa robo, karatasi iko kwenye benchi la kwaya.