Pongezi kwa Wakaguzi wa Mawingu

Nawapongeza kwa moyo wote wanasayansi wanaokagua mawingu yanayotungwa na kompyuta kwa kuyalinganisha na yale yanayoonwa na setilaiti. Kazi yao haitangazwi, ilhali makadirio ya tabianchi tunayopangia kilimo na mabwawa yanaitegemea.

Modeli ya kikanda, yaani programu ya kompyuta inayoiga tabianchi ya eneo fulani, huigawa anga katika visanduku. Katika CORDEX, mradi wa modeli hizo, upande wa Afrika, upande wa kisanduku ulianzia kilomita 50 hivi, na wingu la mvua huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Modeli inabidi iyakisie mawingu hayo, na wakaguzi huupima ukisio huo kwa setilaiti. Meteosat ya kizazi cha pili huipiga Afrika picha kila dakika 15. Setilaiti za CloudSat na CALIPSO, zilizorushwa pamoja mwaka 2006, zilipenya mawingu kwa rada na leza zikaonyesha tabaka zake.

Ninachokistahi zaidi ni uadilifu wao. Setilaiti nyingi hazioni wingu la chini lililofunikwa na zito la juu. Basi, ili wasiionee modeli, hutumia programu ya COSP, inayoyaonyesha mawingu ya modeli jinsi setilaiti ingeyaona. Tena hawadanganyiki na jumla iliyo sawa: modeli nyingi zimekutwa na mawingu ya chini machache mno lakini yanayong'aa kupita kiasi, makosa mawili yanayofichana kwenye hesabu ya mionzi ya jua.

Kazi hiyo ina maana kwa watu: katika Ziwa Victoria dhoruba hukomaa usiku, wavuvi wakiwa majini. Modeli ikiileta dhoruba hiyo saa tisa alasiri, picha za Meteosat huiumbua, na marekebisho huanza.