Maridadi na Sharobaro Katika Mizani

Wapo malenga chipukizi wanaodhani kwamba tarbia huwa ya kisasa pale neno la wazee linapong'olewa likatiwa la vijana. Hesabu yao haina kosa: maridadi, mlimbwende, brazameni, sharobaro, kila moja lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane.

Lakini mizani si uzito. Maridadi husifu, mlimbwende husifu huku likikonyeza, sharobaro hucheka. Ndani yake mna mwendo wa madaha, nywele, na ulimi uliolegezwa makusudi. Mwenye kulitia katika shairi la kumsifu mpenzi amemfanya mpenziwe kichekesho bila ya kukusudia.

Tena maneno haya huchakaa upesi. Sharobaro lilivuma Bara mwanzoni mwa miaka ya 2010, likabebwa na mchekeshaji Sharo Milionea, aliyefariki 2012. Leo kijana akilisikia hutabasamu kama aliyevishwa suruali ya kaka yake. Maridadi lingali linavalika.

Wala sisemi litupwe. Katika shairi la kejeli ningelipokea kwa furaha, na likae mwisho wa mshororo, kwani kina cha "ro" kina kasoro, kero na mgogoro wa kulisindikiza.