Manowari Inayojijua

Anayepima vifaa vya chini ya maji vya manowari za Kijerumani za vita vya 1939 hadi 1945 kwa kawaida huanza na swali la umbali: zilisikia mpaka wapi? Naona swali hilo linapotosha. La kuuliza kwanza ni meli ilijijua yenyewe kiasi gani. Nahodha wa boti kati ya Kindu na Ubundu anayepima kina cha mto Lualaba, Kongo, kwa mti wenye alama hafaidiki na kipimo hicho kama hajui chombo chake kimezama kiasi gani kwa mzigo wa siku ile.

Chukua kifaa cha kusikilizia kilichoitwa Gruppenhorchgerät. Vipokea sauti vingi vilipangwa ubavuni mwa meli, chini ya maji. Sauti zao zikacheleweshwa kwa vipimo tofauti kisha kujumlishwa, hata msikilizaji akaelekeza sikio lake upande autakao bila kuzungusha chochote nje. Alfajiri ya 24 Mei 1941, katika mlango-bahari wa Denmark, wasikilizaji wa Prinz Eugen (kruza, si manowari kubwa, lakini iliandamana na manowari Bismarck) walisikia mitambo ya meli ziendazo kasi kabla ya macho kuziona. Zilikuwa meli za kivita za Uingereza, Hood na Prince of Wales. Mwenye kusifu huishia hapo. Lakini dakika chache baada ya Hood kulipuka, kifaa kilekile kilitangaza torpedo, Prinz Eugen ikageuka kukwepa, na mpaka leo torpedo hizo zina mashaka makubwa. Kipi kilibadilika? Mizinga ilikuwa ikinguruma, propela zikizunguka kwa kasi, maji yakichafuka. Sifa ya kifaa, basi, isipimwe kwa ule ushindi wa alfajiri pekee. Ipimwe kwa jinsi kinavyotenganisha kelele za nje na za meli yenyewe, na kwa kasi ambayo kuanzia hapo msikilizaji haaminiki tena.

Meli kujijua kulihitajika pia upande wa mabomu ya kutegwa baharini. Waya zilizokokotwa na vyombo vyenye mabawa zilifaa kwa bomu lililofungwa mnyororo. Kwa bomu la sumaku lililolala chini hazikufaa kitu. Kwa hilo zilihitajika nyaya za umeme zilizozungushwa ndani ya meli ili kufifisha usumaku wa chuma chake. Kazi hiyo ina ugumu wake: sehemu ya usumaku hubadilika meli inapogeuza uelekeo au kuhamia bahari nyingine, na mitikisiko ya mizinga huathiri chuma. Umeme uliorekebishwa vizuri mwaka jana huenda usifae leo.

Mtu atapinga: mnamo 12 Februari 1942, manowari za Kijerumani zikitoka Brest, Ufaransa, kurudi Ujerumani, Scharnhorst iligonga mabomu mawili na Gneisenau moja; nyaya zilisaidia nini? Hoja ina uzito, ila inahesabu milipuko tu. Mabomu yaliyopitwa bila kushtuka hayaachi kumbukumbu, na meli zote mbili zilifika bandarini. Tena nyaya hupunguza umbali ambao bomu linaihisi meli, haziufuti. Ndiyo maana vyombo vya kufagia mabomu vilitangulia njiani. Mkaguzi makini angeanzia kwenye daftari la vipimo vya usumaku: vilichukuliwa lini, wapi, na baada ya hapo mizinga ilipigwa mara ngapi.