Baina ya Hotuba Mbili

Ijumaa moja nilikaa karibu na mimbari katika msikiti wa zamani mjini Tanga, nikamtazama hatibu mzee, mwenye kuegemea bakora yake, alipoikamilisha hotuba ya kwanza, akaketi, akanyamaza kitambo kisichozidi pumzi chache. Na katika kimya kile watu waliokuwa wakijigeuza na kutazama saa zao wakatulia, kama maji ya mtungi yatuliavyo kata ikisha kutolewa. Kisha akainuka kwa hotuba ya pili.

Kikao kile ni ada ya kale ya Ijumaa, wala si hila ya msemaji. Lakini marehemu babu yangu, ambaye hakuwa hatibu bali mshenga asiyejua idadi ya posa alizotumwa, alikuwa akiniambia kwamba kila asemaye mbele ya watu hana budi kuwa na mahali pa kuketi ndani ya maneno yake, hata kama miguu yake imesimama. Mahali hapo alipaita tuo. Nilipokuwa mtoto alinikalisha barazani jioni, akanipa jambo dogo la kueleza, kama habari ya mbuzi aliyepotea, na kila maneno yangu yalipokimbia aliinua kidole, nami sharti ninyamaze mpaka kidole kishuke. Nilikichukia kidole kile. Siku moja, katikati ya kimya hicho, nilisikia mchi wa bibi ukikoma uani, kwa kuwa naye alitaka kulisikia lifuatalo. Na tangu hapo sikuhitaji kuelezwa tena.

Babu na wasemaji wenzake walikuwa na maneno ya kazi yao kama seremala alivyo na randa na tezo. Fasaha ilikuwa usafi wa tamko; balagha ilikuwa jambo jingine, maana asili yake katika Kiarabu ni kufika, na ndugu yake ni baleghe, tunayomsifia kijana aliyeufikia utu uzima. Basi usemi waweza kuwa fasaha nao usibaleghe: umetoka safi kinywani, ukafia njiani. Na ama baadu, katika barua na katika hotuba, ilikuwa kizingiti baina ya sifa na haja. Nyuma yake himidi na salamu, mbele yake jambo lenyewe, na aliyeisikia alijua kuwa sasa ndipo pa kutega sikio.

Ujuzi huu uliheshimiwa hata na wakuu wa dola. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, mwenye nchi changa mikononi, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, mchezo ambao moyo wake ni hotuba mbili za maziko, ya Brutus na ya Antony, na umma ule ule ukageuzwa mara mbili kwa saa moja. Antony, katikati ya maneno yake, hunyamaza kwa majonzi, na ni katika kimya hicho watu huanza kusemezana na nyoyo zao kugeuka. Mwalimu aliirekebisha kazi hiyo, ikatoka upya mwaka 1969. Nami naamini mtu hatengenezi mara mbili kitu asichokipenda.

Leo msemaji hushika kipaza sauti akasema itifaki imezingatiwa, na kwa maneno mawili hayo amewaruka wazee, wageni na wenye nyumba, ambao kila mmoja alikuwa akingoja kuamkiwa kwa cheo chake. Akinyamaza kidogo, muziki huwashwa ili kuziba pengo.

Juzi nilihudhuria posa ya jamaa. Kijana aliyetumwa alisoma ujumbe wake kutoka katika simu, mbio, bila kosa hata moja la tamko, kisha akaitia simu mfukoni. Baba wa binti, aliyekuwa bado akijiweka sawa mkekani, alingoja kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole kama wageni wangependa sasa kusema haja yao.