Kiungio cha Mafuta: Boti, Boda na BMW

Asubuhi pale gatini Shimoni, kabla boti za watalii hazijang'oa nanga kuelekea Kisite, husikika mlio mdogo, mashine baada ya mashine: tak! Ni nahodha anachomeka mpira wa petroli kwenye injini. Jioni huuchomoa, akalibeba tangi lake mpaka nyumbani, kwa sababu petroli iliyolala ufuoni haina dhamana ya kukutwa kesho yake. Gazi na Vanga ni yale yale. Hakuna spana wala bisibisi, na kinachomwagika ni tone.

Kwa hivyo mwenye pikipiki kubwa anapoingia gereji ya Ukunda akitaka naye awekewe viungio vya kuchomeka na kuchomoa, ombi lake halimshangazi fundi yeyote wa pwani. Tatizo ni kwamba jibu nalo linaonekana liko karibu mno. Si kinunuliwe tu kile cha boti, kikatwe mpira, kifungwe klipu, tumalize? Hapana. Mlio ni mmoja, lakini kazi ni tatu tofauti kabisa.

Kwenye boti mafuta huvutwa. Tangi liko sakafuni, chini ya injini, na pampu ndogo yenye utando ndani ya mashine ndiyo inayofyonza. Oringi ya kiungio ikichakaa, petroli haitoki nje. Ni hewa inayoingia ndani. Nahodha atabinya ile pampu ya mkono na isigumike, kisha mashine itakubali mwendo wa pole na kukataa ukivuta moto. Inaudhi, na katikati ya bahari inatisha, lakini haileti moto. Ndiyo maana kiungio cha boti kwa kawaida huwa na vali upande mmoja tu, ule wa mpira. Upande wa injini ni ncha tupu.

Kwenye Boxer au TVS ya bodaboda yenye kabureta, mafuta hushuka yenyewe. Hapa hesabu inafurahisha. Petroli yenye kimo cha sentimita 30 juu ya kabureta hutoa presha ya takriban bar 0.02, ambayo ni kidogo sana. Wako wanaohofu kwamba kiungio chenye vali ndani kitaibania pikipiki mafuta, lakini boda iendayo kilomita 50 kwa lita moja, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, haili zaidi ya lita moja na kidogo kwa saa nzima. Kiungio kizuri hupitisha hayo bila shida. Sababu ya kutokiweka ni nyingine: koki ipo. Unaifunga, unalegeza klipu ya waya, unachomoa mpira, tangi linainuka. Kuongeza kiungio hapo ni kuongeza mahali pa kuvuja na pembe ya kukusanya uchafu, na vumbi la barabara za Kinango halihitaji kualikwa.

Kazi ya tatu ndiyo yenye moto. BMW R1150GS, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo bado hupita Kwale na wasafiri wa masafa wakielekea mpaka wa Lunga Lunga, ina pampu ya umeme ndani ya tangi. Inasukuma petroli kwa takriban bar 3, zaidi ya mara 100 ya ile ya boda, na kuzidi presha ya upepo katika tairi la gari dogo. Mipira ni miwili: mmoja hupeleka mafuta kwenye injekta, mwingine hurudisha ziada tangini. Kwenye R1100GS iliyotangulia, mwenye kutaka kuinua tangi alibana mipira kwa klempu na kufungua klipu. R1150GS ilikuja na viungio vya plastiki kutoka kiwandani, na plastiki hiyo ikizeeka hukauka na kuvunjika, hasa mtu anapoliinua tangi kwa pupa kabla hajachomoa. Kipande hubaki ndani ya mpira, na petroli hurushwa juu ya injini yenye moto.

Wanaojua huweka vya chuma, vya shaba ya manjano iliyopakwa kromu, vyenye vali pande zote mbili. Upande mmoja hautoshi. Tangi lile hubeba lita 22, na ncha isiyo na vali ni bomba lililoachwa wazi. Oringi nayo iwe ya Viton, inayostahimili petroli na joto kuliko raba ya kawaida.

Kufunga kwenyewe kunaanza kwa kuua presha. Fundi huchomoa fyuzi ya pampu, akawasha injini mpaka izime, kisha akatoa waya hasi wa betri na kuacha chuma kipoe. Hata hivyo huzungushia kitambaa anapofungua mpira, kwa sababu presha huwa haiishi yote. Kivuli cha mwembe kinafaa, mradi jiko la mama wa chapati lisiwe upande unakoelekea upepo: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini kimya kimya.

Mpira hukatwa kwa wembe mpya, mkato ulionyooka. Msumeno huacha unga wa raba, na unga huo utasafiri mpaka kwenye injekta. Kipande kinachoondolewa kilingane na urefu wa kiungio, la sivyo mpira utajikunja na kujibana chini ya tangi. Kisha meno ya kiungio hupakwa petroli kidogo, mpira ukasukumwa mpaka uguse bega. Klipu hukaa nyuma ya meno, si juu yake. Mpira ukiwa mpya, maandishi ubavuni ndiyo ya kusomwa: SAE 30R9 ni wa injekta, 30R7 ni wa kabureta. Ule unaouzwa kwa mita bila maandishi yoyote ubaki kwenye boda.

Ujanja ulio bora kuliko yote hauna gharama. Katika mpira wa kupeleka, dume, yaani nusu ya kiungio yenye ncha, hukaa upande wa tangi. Katika mpira wa kurudisha, dume hukaa upande wa injini. Hapo hata anayefunga gizani hawezi kukosea njia. Mlio nao usikike mara mbili. Kiungio cha kupeleka kisipoingia sawasawa, injini haiwaki na kosa linajitangaza. Kile cha kurudisha ni kijanja zaidi: vali yake ikibaki imefungwa, mafuta hukosa njia ya kurudi, presha hupanda, na pikipiki hutoa moshi mweusi huku fundi akihangaika na plagi.

Baada ya hapo fyuzi na waya wa betri hurudishwa, na ufunguo huwashwa bila kupiga stati. Pampu hulia sekunde chache, na karatasi kavu ya tishu hupitishwa kwenye kila kiungo. Ikiloa, kazi inarudiwa.

Chumvi ya Diani ndiyo imebaki. Kromu huvumilia, lakini mchanga na chumvi hujibanza chini ya kitufe cha kubonyeza mpaka kikagoma kurudi. Maji baridi yasiyo ya bahari na mpako mwembamba wa grisi ya silikoni kwenye oringi hutosha, kila tangi linapoinuliwa. Na kwa anayevuka kwenda Horohoro, mkobani kuwe na jointi moja ya chuma ya kuunganisha mipira bila vali yoyote, pamoja na klipu mbili. Kiungio kikivunjika baada ya Ramisi, hiyo ndiyo itakayomfikisha Tanga.