Kiambishi KI- na Heshima ya Mtu: Uhakiki wa Adabu ya Kutaja Ulemavu

Katika Kiswahili cha miaka ya karibuni yametokea mabadiliko ambayo sarufi peke yake haiwezi kuyaeleza. Maneno kama kilema, kiwete, kipofu na zeruzeru, ambayo vizazi vingi viliyatumia nyumbani, sokoni na vitabuni bila ya kusita, sasa yanaepukwa na walimu, watangazaji na wafasiri wa sheria. Mahali pake pamewekwa mlemavu, asiyeona, mtu mwenye ulemavu na mtu mwenye ualbino. Nchini Kenya jambo hili haliko tena katika hiari ya mwandishi tu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Yapasa basi kuuliza: ni kitu gani hasa kinachomdunisha mtu katika lugha hii?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kosa limo katika kiambishi awali ki-. Husemwa kuwa ki- ni kiambishi cha vitu, kama kiti, kisu na kikapu. Tena ni kiambishi cha udogo na dharau, kama kijitu. Kwa hiyo, kumwita mtu kipofu ni kumpanga pamoja na viti na vikapu. Hoja hii ina mvuto, na imesaidia kulieneza neno mlemavu badala ya kilema. Hata hivyo, ikipimwa kwa ushahidi wa lugha yenyewe, haisimami.

Kwanza, ki- hiyo hiyo imo katika kiongozi, kijana na kinyozi, na hapana kiongozi aliyewahi kudai aitwe “mwongozi” ili alindiwe heshima yake. Pili, maneno bubu na zeruzeru hayana ki- hata kidogo, na bado huwachoma wanaotajwa kwayo. Tatu, na hili ndilo kubwa, upatanisho wa kisarufi unamtambua mtu hata pale umbo la nomino lisipomtambua. Husemwa kipofu amefika, vipofu wamefika, kipofu yule. Sentensi nzima humtendea kama binadamu. Dharau huingia pale msemaji anapouvunja upatanisho huo kwa makusudi na kusema “kipofu hiki kimefika”. Hapo ndipo mtu anapogeuzwa kitu, na anayemgeuza ni msemaji, wala si kiambishi.

Methali zinatoa ushahidi mwingine. Wahenga walisema: Mcheka kilema hafi bila kumfika. Kinachomfika mcheka ni hali; mtu hafikwi na mtu mwenzake kwa maana hiyo. Katika methali hii, basi, kilema ni jina la dosari ya mwili, nayo dosari haki yake ni ki-. Uzito ulianza neno hilo lilipohamishwa kutoka kwenye hali hadi kwa mtu mzima, kana kwamba mguu wake ndio yeye wote. Kasoro, kwa hiyo, ni ya kumfupisha mtu. Ndiyo maana kuundwa kwa mlemavu hakukumaliza tatizo: neno lilipata kiambishi cha watu, lakini ufupisho ulibaki pale pale.

Hapa usemi mtu mwenye ulemavu unaonyesha ubora wake. Wako wanaoudhani kuwa ni wa kigeni, lakini mwenye ni chombo cha zamani katika Kiswahili: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye chongo. Mwenye kitu si kitu chenyewe. Usemi huo unamtenga mtu na hali yake bila ya kuikana hali. Haiwezi kusemwa hivyo juu ya “mtu anayeishi na ulemavu”, ambao umefasiriwa neno kwa neno kutoka lugha ya Kiingereza. Katika Kiswahili mtu huishi na shangazi yake au na jirani zake. Ulemavu si mpangaji mwenza. Tafsida inayolazimisha masikio kusikia kisichosemwa hivyo haimwongezei mtu heshima.

Zaidi ya hayo, wanaotajwa wenyewe hawakuchagua njia moja. Nchini Tanzania kuna Chama cha Viziwi, ambacho kimelihifadhi neno lenye ki- katika jina lake rasmi. Na kuna Chama cha Wasioona, ambacho hakikulitumia neno vipofu. Mhakiki anayehukumu kwa kiambishi peke yake atalazimika kuwaambia viziwi kwamba wamejitukana. Atashindwa pia kumweleza Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2013, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Kidude ni udogo mtupu. Lakini Bi iliyotangulia, pamoja na ridhaa ya mwenye jina, ililifanya kuwa jina la heshima.

Isidhaniwe kwamba mjadala huu ni mchezo wa wanaisimu. Tangu katikati ya muongo wa 2000 watu wenye ualbino nchini Tanzania wamewindwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Katika miaka hiyo baadhi yao walipigiwa kelele njiani kwa neno “dili”. Neno hilo halina ki-, wala si la wahenga. Ni neno la biashara, na linamtaja mtu kwa bei yake. Kanuni ya viambishi ingelipitisha bila pingamizi. Kanuni ya kuuliza kama mtu amefupishwa ingelikamata mara moja.

Kazi ya walimu, wahariri na watunga kamusi inatokana na hayo. Maandishi ya zamani yasibadilishwe maneno yake. Mwanafunzi aonyeshwe neno lilivyotumika wakati ule na linavyosikika leo. Kamusi zisitosheke na kutoa maana, bali zieleze pia neno gani huumiza na linaumiza likielekezwa kwa nani. Na kabla mfasiri wa sheria hajaamua jina la kundi lolote, awaulize wenye jina. Mtu anaweza kutamka “mlemavu” kwa sauti ya kumfukuza mbwa, na kamati ya istilahi haina dawa ya sauti hiyo; lakini inaweza kuacha kuwafundisha watu kwamba wakishabadili kiambishi wamekwisha timiza wajibu.